Ujumbe wa Mama Yazan

Mume wangu hupiga simu asubuhi kwa mambo mawili tu: ama kuna mtu amefariki, ama amepoteza kitambulisho. Kwa hiyo simu ilipolia nikiwa na glavu mikononi, rangi imenirukia hadi kwenye viwiko, na kichwa cha mteja kiko nusu cheusi nusu cheupe, nilijua hakuna heri. Nikaibana simu kati ya sikio na bega.

"Nisrin, umewafanya nini watu wa shule?" akauliza, na nyuma yake kelele za bandari ya Aqaba, anakofanya kazi.

"Mimi?"

"Mwalimu mkuu kanipigia. Anasema Alhamisi wana kikao cha Watin. Wanataka kumhamishia kituoni."

"Kituo gani, Baba Yazan?"

"Kile cha ng'ambo ya mji. Cha wale watoto..." Hakumalizia. "Anasema wewe unajua kila kitu. Eti wewe na yule mwalimu wa chumba cha msaada mnaongea kila siku. Sasa mimi ndiyo nasikia leo, kama jirani?"

Huyo mwalimu nilikuwa nimemwona mara moja tu, mwanzo wa mwaka, tulipoitwa wazazi ambao watoto wetu hawajui kusoma. Binti yetu Watin alikuwa amefika darasa la pili na herufi za Kiarabu bado zinamchezea. Be yenye nukta moja na te yenye mbili, kwake ni ndugu pacha. Nukta hazitulii mahali pake. Mwalimu huyo, Rula, akatuahidi kwamba kila siku, akimaliza na watoto, atamtumia kila mama ujumbe wa sauti: mtoto amefanya nini, na nyumbani afanyishwe nini. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nikajisemea, angalau mtu ameshika upande mmoja wa huu mzigo.

Basi nikangoja. Ujumbe haukuja. Nikamuuliza Mama Ghaith, ambaye ndiye mkubwa wa kundi letu la akina mama kwenye wasap, mtu anayejua nani kafaulu, nani kachumbiwa na nani kabadilisha pazia. Akaniambia, "Tulia, dada. Mama msumbufu, mtoto wake ndiye anayeandamwa." Mimi, kwa woga wangu, nikatulia. Watin nikimuuliza shule ilikuwaje, ananijibu, "Vizuri." Umefanya nini? "Nimesoma." Mtoto alikuwa amejifunga kama duka siku ya Ijumaa. Nami nikachukulia ukimya wa shule kuwa ni dalili ya mambo kwenda sawa, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka yaende sawa.

Nikavua glavu, nikamwachia mwenzangu kile kichwa cha rangi mbili, nikatoka saluni na aproni yangu mwilini. Njiani ndipo nikagundua sikuchukua koti. Mvua ya mji wetu wa Irbid haina huruma na mtu mwenye haraka.

Mwalimu Rula alikuwa kwenye kile chumba chake chini ya ngazi, anabandua gundi kwenye meza. Ni msichana mdogo tu, nadhani hajafika hata miaka thelathini.

"Mimi ndiye Mama Yazan," nikamwambia. "Mama yake Watin."

Akanitazama kuanzia aproni hadi viatu. "Karibu. Samahani, nilidhani... Kwenye simu una sauti ya chini chini."

"Kwenye simu gani? Mimi na wewe tumeongea lini?"

Akacheka kidogo, kama mtu anayedhani anataniwa. Alipoona sicheki, akatoa simu yake mfukoni. Akanionyesha: mazungumzo marefu, juu yake pameandikwa Mama Yazan, na picha ya mawaridi mekundu. Ujumbe wa sauti ulikuwa umepangana kwenda juu, wake na wa huyo mtu, wake na wa huyo mtu, hadi kidole chake kikachoka kupandisha.

"Huyu si wewe?"

"Yasalimie hayo mawaridi. Mimi picha yangu ni kikombe cha kahawa."

Hakuelewa. Akabonyeza ujumbe mmoja anithibitishie. Ikatoka sauti ya mtoto anayesoma: "Paka amelala juu ya paa. Mvua imenyesha. Paka ameamka." Alisoma polepole, lakini bila kukwama, na mwishoni akavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi.

Nitasema ukweli. Kwa muda mfupi niliamini. Nikataka kumshika yule mwalimu nimbusu. Nilitaka sana awe Watin. Lakini mama hadanganyiki kwa sauti ya mwanawe, hata akijidanganya mwenyewe.

"Huyu si binti yangu," nikasema.

Mwalimu Rula akakaa juu ya kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. "Namba niliitoa kwenye kundi la akina mama wa darasa," akasema. "Iliandikwa Mama Yazan. Na kwenye simu sauti za watoto zinafanana."

"Kwani Mama Yazan niko peke yangu? Mwaka ule kila aliyezaa mtoto wa kiume alimwita Yazan! Ukiita Yazan pale sokoni utakanyagwa!"

"Ungekuja kuniuliza..."

"Na wewe ungeuliza jina langu! Nina jina. Naitwa Nisrin."

Kisha akanieleza jambo lililonikata maini. Kwa muda wote huo huyo mwanamke alikuwa akimjibu. Akiambiwa mwanao afanye zoezi fulani, anajibu limefanyika. Akiombwa sauti ya mtoto akisoma, analeta. Huko chumbani Watin akiwekewa kitabu hafungui mdomo. Huko nyumbani, kwa wanavyojua wao, Watin anasoma kurasa. Mwalimu mkuu, Bi Inaya, akaona kwamba mtoto wa namna hiyo ana tatizo kubwa kuliko uwezo wa shule, na nafasi yake apewe mwingine.

"Sasa si umeliona kosa? Mwambie!"

"Nitamwambia. Lakini Bi Inaya atasema unamtetea mwanao na mimi najitetea mwenyewe. Atataka kujua anayesoma ni nani." Akapiga ile namba palepale, kwa spika. Ikaita hadi ikakata. Nikachukua simu yangu nikaandika kwa hiyo namba: mimi ndiye Mama Yazan mama yake Watin, wewe ni nani? Alama zikaonyesha amesoma. Halafu yale mawaridi yakapotea, pakabaki duara la kijivu. Alikuwa ametufungia mlango usoni.

Siku zilizofuata sikukaa. Nilifua pazia ambazo zilikuwa safi. Nilimkalisha Watin na kitabu, nikamwambia soma, naye akajikunja kama amepigwa, na mimi sijainua hata mkono. Nikafunga kitabu. Nikakifungua tena. Gari la kuuza mitungi ya gesi likapita na muziki wake ule wa kuudhi, nikatoka kibarazani nikamgombeza dereva, mtu wa watu, hata gesi sikuwa nahitaji. Yazan wangu, mwenye miaka kumi na mitatu na ulimi wa miaka arobaini, akaniambia, "Mama, kaa chini, unatutia kizunguzungu." Nikamrushia ndala.

Kila nilichofanya nilikuwa nakiona kile kituo. Si kwamba ni pabaya. Wanafanya kazi nzuri na watoto wenye ulemavu wa akili wanaopahitaji. Lakini Watin anahesabu chenji ya dukani kichwani haraka kuliko mimi, na ukishatoka darasani kwenda kule, sijaona aliyerudi. Na mtaa ungemvisha jina ambalo lisingemtoka hata akiolewa.

Mama Ghaith ndiye aliyenipa habari, na kwa hilo nimemsamehe mengi. "Mama Yazan mwingine? Huyo Hanadi; Yazan wake ndiye mkubwa, na mdogo wake Qusai anasoma darasa moja na binti yako. Nyumba iko nyuma ya tanuri la mkate. Anaishi na mama mkwe wake, Hajati Fauzia. Kwani vipi? Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Nisrin, sauti yako ina kitu."

"Ina mafua."

Nikanunua maamuli, vile vibiskuti vya tende, kwa sababu huwezi kwenda kugombana mikono mitupu, nikaenda.

Hajati Fauzia alikuwa amekaa karibu na jiko la mafuta la kuotea moto, maganda ya machungwa yakikauka juu yake na kunukiza nyumba nzima. Alinipokea kama ananijua tangu tumboni. Hanadi alitokea kwenye mlango wa jikoni, akaniona, akasikia nikijitambulisha kuwa Mama Yazan mama yake Watin, na rangi yote ikamtoka usoni. Ni mwanamke mwembamba, ana macho makubwa. Na kweli, sauti yake ni ya chini chini.

Akaleta kahawa. Nikaipokea, nikaiweka mezani, sikuigusa.

Sasa kwetu jambo hilo si mchezo. Wanaume wakienda kuposa au kusuluhisha ugomvi wa damu, mkubwa wao huiweka kahawa chini, wala hainywi hadi apewe haja yake. Mwenye nyumba akikubali, ndipo husema, kunywa kahawa yako. Na ukishainywa, neno limekwisha, hakuna kurudi nyuma. Kwa wanaume ni heshima kubwa. Kwa mwanamke mwenye aproni ya saluni, mbele ya ajuza na sahani ya maamuli, ni kichekesho. Lakini nilifanya, na Hanadi akaelewa.

"Binti, kahawa inapoa," Hajati akasema.

"Iache ipoe, mama. Nina haja."

Akacheka hadi shungi likamteleza. "Haja? Umekuja kuposa? Mabinti zangu wote wameolewa, labda unichukue mimi!"

"Ningekuchukua, mama, ila mume wangu yuko Aqaba, hajui kama naongeza mke." Nikamgeukia Hanadi. "Nimekuja kwa ajili ya Mama Yazan. Kuna kitu changu kimepotea kikaingia nyumba hii, na Alhamisi nakihitaji."

"Kitu gani?" Hajati akauliza.

"Sufuria," Hanadi akasema haraka. "Ile... ya kwenye hitima. Njoo jikoni, dada, ukaitazame."

Huku nyuma nilimsikia ajuza akinung'unika kwamba dunia imeharibika, siku hizi watu wanaweka kahawa chini kwa ajili ya sufuria.

Jikoni Hanadi akafunga mlango, akafungua bomba maji yamwagike kwa kelele. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumchoma. Sikupata nafasi.

"Siku ya kwanza nilidhani ni yangu," akasema. "Wallahi nilidhani ni yangu. Alisema, hujambo Mama Yazan, mtoto wetu leo amechoka lakini ana akili, mchoree herufi kwenye sinia la chumvi. Hakusema jina. Nikalia hapa hapa. Nikasema, jamani, kuna mtu amemwona Qusai."

"Qusai naye hasomi?"

"Hasomi. Baba yake hataki kusikia. Yeye na kaka zake wote ni wahandisi. Anasema mwanawe hatakanyaga kile chumba cha wajinga, na akisikia neno hilo tena atamtoa shule ampeleke kwa babu yake akachunge. Na huyo uliyemwacha sebuleni anasema wanaume wa ukoo huu huchelewa, basi, yatapita." Akajifuta machozi kwa kiwiko. "Baadaye mwalimu akataja Watin. Nikajua. Lakini Qusai alikuwa ameshasoma neno moja. Neno zima, dada. Ungeweza kuacha wewe?"

"Ningempigia mama yake!"

"Ndiyo, na ningemwambia nini? Nimekula chakula cha mwanao?"

Hasira zikanizidi. "Wanataka kumpeleka kituoni. Kwa sababu yako. Kwa sababu mwanao anasoma kwa jina la mwanangu!"

Hilo hakulijua. Alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Kisha akatoa simu kutoka ndani ya kopo la dengu, ndiko alikokuwa anaificha, akaniwekea mkononi. "Sikiliza. Sauti hizi ni zako."

Nikasikiliza, maji yakimwagika. Mwalimu Rula, siku baada ya siku. Leo Watin amejificha chini ya meza, nimekaa naye huko chini. Leo ameniuliza kama watu wazima nao walikuwa hawajui kusoma. Leo wenzake wamemcheka, mpe pole. Leo amechora te akaipa nukta tatu, kisha akasema moja ni ya akiba, nimecheka sana. Leo amelia, hakutaka kusema kwa nini, jaribu kumuuliza wewe. Kila nikibonyeza, mwanangu alikuwa anatoka mle ndani, mtoto mcheshi, mwoga, mwenye maneno, ambaye nyumbani alikuwa akinipa tu "vizuri" na "nimesoma". Na huyu mwanamke nisiyemjua alikuwa ameishi naye muda wote huo. Alijua ni siku gani alilia. Nilimwonea wivu.

"Alhamisi utakuja shuleni," nikamwambia. "Utasema kwa mdomo wako kwamba anayesoma ni wako."

"Mume wangu..."

"Na mimi nina mume. Na nina mtoto."

Akafunga bomba. "Nitakuja," akasema. "Kunywa kahawa yako."

Nikarudi sebuleni nikainywa kwa mkupuo, baridi na chungu. Hajati akauliza, "Sufuria imepatikana?" Nikamwambia imepatikana, italetwa Alhamisi.

Alhamisi ikafika. Hanadi hakuja.

Nilisimama getini hadi mlinzi akaanza kunihurumia. Kila mwanamke aliyekata kona nilidhani ni yeye. Nilimpigia, bado alikuwa amenifungia. Nikasema moyoni, basi, kahawa nimeinywa bure na neno lake amelila, sina deni naye tena. Jina lake nitalitaja, na jina la mwanawe, na mume wake mhandisi afanye atakavyo. Niliingia ofisini nikiwa nimelishika jina hilo kwenye meno.

Walikuwa watatu: Bi Inaya na miwani yake, mshauri wa wanafunzi ambaye muda wote alikuwa anatafuta chaja, na Mwalimu Rula, macho mekundu. Watin walimkalisha kando ya dirisha, miguu haifiki chini. Mwalimu Rula alikuwa ameshasema kwamba namba ilikosewa, kosa ni lake. Bi Inaya hakushawishika.

"Namba imekosewa, sawa," akasema. "Lakini mtoto kwenye simu anasoma. Huyo katoka wapi, mbinguni? Mama, nimefanya kazi hii muda mrefu. Nimeona wazazi wakimwona mtoto wao hawezi, wanaanza kukana hata yale waliyosema." Akamgeukia Watin, akalainisha sauti. "Watin, mwanangu. Nyumbani unasoma na nani?"

Watin akanitazama. Nikamwona anafikiri, anapima.

"Na Mama," akasema.

"Mnasoma wapi?"

"Chini ya blanketi. Mama anashika tochi."

Bi Inaya akavua miwani na kuniangalia. Nikaenda nikachuchumaa mbele ya mwanangu, nikashika magoti yake, baridi kama bomba.

"Watin, mimi na wewe tumesoma chini ya blanketi lini?"

Akanong'ona, lakini chumba kilikuwa kimya, kila mtu alisikia. "Miss Rula kasema. Kasema wewe umemwambia." Midomo ikaanza kumtetemeka. "Mimi nilidhani umesahau, mama. Sikutaka wakugombeze."

Yaani mtoto wa miaka saba alikuwa ananikinga mimi. Aliona watu wazima wamenizunguka, akadhani nimedanganya, akaingia kwenye uongo nisibaki peke yangu. Nililia palepale, mbele ya yule wa chaja.

Kisha nikasimama. Jina la Hanadi bado lilikuwa kwenye meno. Nikamfikiria yule mtoto aliyevuta pumzi baada ya paka kuamka. Nikalimeza, na halikumezeka kwa urahisi.

"Sijasoma na binti yangu hata siku moja," nikasema. "Hakuna blanketi, hakuna tochi. Nilijaribu nikapiga kelele, akaogopa, nikaacha. Maneno yale aliyasema mama mwingine kuhusu mtoto wake, na anayesoma ni mtoto wake. Sitamtaja. Lakini yuko darasani kwenu, kila siku mnamwona, hajui kusoma na hakuna aliyegundua. Kajifunzia jikoni, kwa sauti ya Mwalimu Rula iliyopotea njia. Binti yangu alipata nusu ya msaada tu, nusu ya hapa. Nusu ya nyumbani ilikwenda kwa jirani. Nipeni hiyo nusu. Halafu ndiyo mseme hawezi."

Mshauri akaacha kutafuta chaja. Mwalimu Rula akasema, "Mimi niko tayari," kwa sauti ndogo, kisha akarudia kwa sauti kubwa. Bi Inaya akagongagonga miwani mezani. Nadhani lile neno la hakuna aliyegundua lilimwingia vibaya. Mwishowe akasema Watin atabaki hadi mwisho wa muhula, na kwamba mimi nije mwenyewe, kwa miguu yangu na uso wangu, kila wiki, hataki tena kusikia habari za mawaridi.

Mwalimu Rula akaomba simu yangu. Akaandika namba yake, na kwenye simu yake akaandika, mbele ya macho yangu: Nisrin, mama yake Watin.

Tukatoka, mvua imepumzika. Nilikuwa na furaha kama mwendawazimu. Nilimshika Watin mkono nikaanza kumwahidi vitu: falafeli, viatu, paka kama anataka paka. Yeye alikuwa anatembea nyuma nyuma, anavuta mguu. Karibu na geti akasimama.

"Kwa hiyo si wewe uliyesema?"

"Ya blanketi? Si mimi, mpenzi wangu. Nimeshawaambia."

"Si ya blanketi." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Miss kila siku akimaliza ananiambia, mama yako kasema anajivunia wewe sana. Kila siku. Mimi nikifika nyumbani nangoja uniambie. Husemi. Nikadhani labda ni mambo unayosema kwenye simu tu."

Watu walikuwa wanapita. Mwanamke mmoja na mifuko ya kabichi alitukwepa akaguna. Nilikuwa nimeinusuru nafasi ya mwanangu kwa kuapa, mbele yake, kwamba maneno yale si yangu, na katika yale maneno lilikuwamo hili pia, na sikujua.

Nikapiga magoti kwenye lami, maji yakapenya hadi ngozini. "Najivunia wewe, Watin. Najivunia sana."

Akanisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anavyofanya akitafuta nukta iko wapi.

"Miss alisema ulikuwa unacheka ukisema," akasema.

Nikajaribu kucheka. Kikatoka kitu kibaya, nusu kikohozi. Akatikisa kichwa, akaniwekea vidole viwili mdomoni, pembe hii na pembe hii, akazivuta juu.

"Tena," akasema.